Fremu safi, maandishi nusura yamvue Seyyid cheo chake

Nampa fundi wa fremu nyota tatu na nusu kati ya tano. Zote tatu ni za mbao na kioo. Hiyo nusu ni ya uungwana wa kijana mwenyewe, na kwa ajili ya uungwana huo simtaji jina wala duka. Liko Mombasa, nyuma ya Marikiti, na mlango wake ni wa bati la buluu.

Nilimpelekea picha ya Seyyid Khalifa bin Haroub, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Imekuwa sebuleni kwa nyanya yangu tangu hajaolewa; baba yake ndiye aliyeinunua. Kuna waliozishusha picha kama hizi mwaka 1963, Mwambao, ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani, ulipoingia Kenya na bendera nyekundu ya Sultani ikateremshwa Fort Jesus. Wengine walizifungia sandukuni baada ya mapinduzi ya Unguja, Januari 1964. Nyanya hakushusha wala hakuficha. Waliomfikia Seyyid ni mchwa. Walikula fremu, wakala ukingo wa chini wa karatasi pale palipokuwa na maandishi, wakasaza “bin Haroub, G.C.” na alama ya wino.

Bei tulipatana 4,800, nusu kwa M-Pesa papo hapo na nusu nikichukua. Aliniambia siku tano, zikawa kumi na sita.

Kwenye kazi ya fremu sina neno. Mbao ni mvule, na pembe zimekutana hivi kwamba ukipitisha ukucha husikii mshono. Nilitarajia aibandike picha kwa gundi, maana ndivyo wafanyavyo wengi, lakini alikataa kabisa. Aliishika kwa vipembe vya karatasi, nyuma akaweka kadibodi isiyo na asidi, akaacha nafasi kati ya picha na kioo ili joto la Mombasa lisije likazigandisha pamoja. Kioo chenyewe hakirudishi mwanga. Sasa ukikaa kwenye kiti cha dirishani unamwona Seyyid na kilemba chake, joho, jambia na nishani kifuani, badala ya kujiona wewe mwenyewe na pangaboi.

Shida ilianza tulipofika kwenye kibandiko cha chini. Nilimwambia ayarudishe maandishi yaliyoliwa. Akaniambia, “Usijali dada, mtandaoni yamo yote.” Nilipokwenda kuchukua nikakuta kwa herufi za dhahabu: MFALME SIR KHALIFA, G.B.E., G.C.M.G., PRINCE OF ZANZIBAR.

Nikaichukua hivyo hivyo nyumbani, maana nilikuwa na haraka. Nyanya hasomi herufi za Kizungu, anasoma za Kiarabu. Akaniambia nimsomee. Nilipofika kwenye Prince akanikatiza: “Prinsi ni mtoto, mwanangu. Huyu ni mwenye nti.”

Na kweli. Khalifa alizaliwa Maskati mwaka 1879, akakalia kiti cha Unguja mwaka 1911 baada ya shemeji yake, Seyyid Ali bin Hamoud, kujiuzulu, na hakukiacha hadi alipofariki Oktoba 1960. Mtu aliyetawala karibu miaka 49 unamwita Prince? Lakini nadhani najua kijana alikolitoa. Wazungu hawana neno la Seyyid, kwa hiyo yeyote wa nyumba ile huwa ni prince au princess. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, yalimkuta hayo hayo: kwao alikuwa Seyyida, na kitabu chake kilipotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 jaladani akawa Prinzessin. Hadi leo watalii Mji Mkongwe wanamuulizia kwa jina hilo.

Mfalme sikugombana nalo. Wazee wengi walimwita hivyo. Kilichoniuma ni kwamba Seyyid halikuwemo kabisa, na hilo ndilo alilozaliwa nalo. Kijana akajitetea kwamba aliliacha makusudi, alidhani Seyyid ni sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, na hakutaka kuandika uongo. Nilimheshimu kwa hilo. Kwetu mtu akilisikia ndivyo afikirivyo, na masharifu tunao mitaani. Lakini Al Busaidi, ukoo wa masultani hawa, hawakulichukua kwa nasaba hiyo. Kwao ni cheo cha nyumba ya utawala, tangu Oman, mwishoni mwa karne ya 18, pale Said bin Ahmad alipobaki na jina la Imamu, cheo cha mtawala wa Oman, kule Rustaq huku mwanawe Hamad akishika mambo Maskati. Mwana hakuweza kujiita Imamu na babake yu hai, akaitwa Sayyid. Waliokuja kutawala baada yake wakaendelea nalo, na kwa Kiswahili tukalitamka Seyyid.

Kisha zile herufi. Fundi alidhani ni mapambo, ukizipanga vyovyote ni sawa. Si sawa. GCB ni nishani ya Kiingereza ya Bath, ya tangu 1725, na ndiyo kubwa kati ya zake tatu. GCMG inafuata, ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, ambayo Waingereza waliianzisha mwaka 1818 kwa ajili ya Malta na visiwa vya Ionia, halafu wakawa wanaigawa katika makoloni. GBE ni ya 1917, huja mwisho. Yeye aliitanguliza ya mwisho, na ile kubwa akaisahau. Hiyo kubwa ilimfikia Seyyid uzeeni, na picha yetu ni ya mzee, ndevu nyeupe. Sir nayo ilitoka huko huko London. Hata Liwali wetu wa Mombasa, mwakilishi wa Sultani, Ali bin Salim, alikuwa Sir.

Nishani ninayoipenda mimi haina herufi hizo. Ni nishani ya Zanzibar yenyewe, aliyoianzisha Seyyid Barghash: al-Kaukab ad-Durri, nyota ing'aayo. Aliyesoma Suratun-Nur atajua maneno hayo yametoka wapi. Hapa fundi alinikosea tena, maana alipokuwa akisafisha picha kwa kompyuta aliipaka ile nyota kifuani rangi ya manjano. Picha nzima nyeusi na nyeupe, nyota manjano kama taa ya matatu. Nikamwambia aiondoe. (Nyanya alitaka ibaki. Tulibishana, nikashinda, na bado hajanisamehe.)

Mara ya pili nikaomba aongeze mstari wa Kiarabu, ili nyanya asome mwenyewe. Hapo ndipo siku zilipokwenda. Programu yake ilizikata herufi mojamoja na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja imesimama peke yake kama watu wasiosalimiana. Yeye hasomi Kiarabu, kwa hiyo hakuona kasoro, akachapa. Ilibidi nimwandikie kwa mkono wangu kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino mzito, akaipiga picha na kuichapa ilivyo. Imependeza kuliko ile ya kompyuta.

Kibandiko cha tatu ndicho kilichokaa: Mtukufu Seyyid Sir Khalifa bin Haroub, GCB, GCMG, GBE, Sultani wa Zanzibar, 1911–1960. Nyanya aliuliza kama Sir ni lazima. Nikamwambia alipewa, si la kuzua. Akasema, “Basi liandikwe dogo.” Fundi alieleza kwamba ukubwa wa herufi ukibadilika katikati ya mstari utaharibu mizani. Limebaki sawa na mengine.

Hakunitoza hata shilingi kwa kuchapa upya mara mbili. Kwa hiyo nendeni, ila maandishi mwende nayo mmeyaandika wenyewe, neno kwa neno, na msilipe nusu ya pili kabla hamjamsomea mzee wa nyumbani. Ijumaa hufunga saa sita, hurudi saa nane na nusu. Hapokei kadi.

Kibandiko cha kwanza hakukitupa. Amekitia fremu ndogo na kukitundika juu ya mashine ya kukatia kioo, kama sampuli ya herufi zake za dhahabu. Nilimwambia akitoe. Akasema wateja wanaupenda mng'aro wake, na mpaka wiki jana kilikuwepo: Prince of Zanzibar.