Faini za papo hapo: bei zimeandikwa, ambulensi iliyosimama imesahauliwa

Jedwali la Kenya la faini za makosa madogo ya trafiki, lililotolewa mwaka 2016, linastahili kupimwa kama huduma yoyote ile anayouziwa mwananchi: lina bei, lina utaratibu wa kulipa, na lina mahali pa kupeleka shauri ukiona umeonewa. Dereva wa Mombasa anayeshinda kati ya Changamwe, Makupa na Nyali hukutana nalo mara nyingi kuliko anavyokutana na fundi wake.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba bei inajulikana kabla ya kosa. Kushika simu ukiendesha ni shilingi 2,000. Kupandisha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu ni 5,000. Kuziba barabara ni 10,000. Upande wa mwendo ndio uliofikiriwa vizuri zaidi: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa unapewa onyo, 6 hadi 10 unalipa 500, 11 hadi 15 unalipa 3,000, na 16 hadi 20 unalipa 10,000. Hizo ni ngazi, na kila ngazi inalingana na hatari. Askari hapati mwanya wa kupanga bei yake, wala dereva hana sababu ya kubembeleza. Kwa hili jedwali linapata alama kamili.

Pengo lipo pale ambapo watu hufa wakiokoa wengine. Ambulensi imesimama kando ya barabara pale Mazeras, taa zinawaka, wahudumu wawili wanamtoa majeruhi kwenye matatu iliyopinduka. Lori linapita kwa mwendo wa 75, mita moja kutoka mgongoni mwao. Mwenye matatu asipokuwa na pembetatu za onyo atalipa 3,000, kwa sababu mstari wake upo. Dereva wa lori hana mstari wake. Kama barabara inaruhusu 80, kamera ya kupimia kasi haina la kumwambia. Akiwepo askari anayeongoza magari na lori likakaidi ishara yake, kuna faini ya 3,000 kwa kutomtii. Asipokuwepo, kinachobaki ni shtaka la kuendesha bila uangalifu, na hilo halilipiwi kwa jedwali, ni la mahakamani. Basi askari anachagua kati ya kesi kubwa na kumwacha aende zake, na wengi huachwa.

Hesabu ya breki inaonyesha kwa nini hili si jambo dogo. Ukiwa na mwendo wa 80 unakula kama mita 22 kila sekunde. Hesabu sekunde moja na nusu ya kutambua hatari na kufikisha mguu kwenye breki, halafu uongeze umbali wa breki zenyewe kwenye lami kavu: gari dogo litasimama baada ya mita karibu 70. Kwa mwendo wa 40 ni mita kama 25. Lori lenye kontena linahitaji zaidi ya hapo, na mvua ya masika inarefusha yote mawili. Mhudumu akirudi nyuma hatua moja na machela mkononi, mwenye 40 ana nafasi ya kumkwepa.

Kwingine wameshalijaribu hili, na makosa yao yana faida kwetu. Nchini Marekani kila jimbo lina sheria ya kuwapisha waliosimama kwa dharura. Ya Illinois imepewa jina la Scott Gillen, luteni wa zimamoto wa Chicago aliyegongwa akiwa kazini Desemba 2000. Faini yake haipungui dola 250 kosa la kwanza na 750 kosa la pili, na inaweza kufika 10,000. Ni kali, lakini kwa asiyeweza kubadilisha leni sheria inataka mwendo salama bila kutaja namba, na hapo ndipo malalamiko ya kuonewa yanapoingia, maana salama ya askari na salama ya dereva hazilingani. Florida wametaja namba: shuka maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, chini ya kikomo kilichobandikwa. Dereva anaweza kupiga hesabu hiyo akiwa usukanini.

New South Wales, Australia, walianza mwaka 2018 na namba moja kwa barabara zote, kilomita 40. Mjini ilifaa. Kwenye barabara kuu za 110 ikazua hatari nyingine, magari kufunga breki ghafla huku lori liko nyuma yao. Mwaka 2019 wakarekebisha: penye kikomo cha 80 au chini yake, 40 ilibaki, penye 90 na zaidi, dereva apunguze mwendo kwa busara na aache nafasi. Wakaongeza na magari ya kuvuta magari yaliyoharibika. Hilo la mwisho lingefaa sana njia ya Mombasa kwenda Mariakani, ambako vijana wa brekidauni hufunga minyororo gizani huku trela zikiwapita.

Sheria ya kuhama leni peke yake haiwezi kutufaa. Kutoka Likoni kwenda Ukunda ni leni moja kila upande. Kuhama maana yake ni kuingia kwa anayekuja. Daraja la Nyali jioni halina leni tupu ya kuhamia, na bodaboda zimejaa katikati. Kwetu kinachowezekana kila mahali ni kupunguza mwendo hadi namba iliyoandikwa.

Wakati tunaisubiri sheria, pita hivi. Ukiona taa zinazomweka, ondoa mguu kwenye mafuta mapema, mita 150 kabla ukiweza. Tazama vioo, ukianzia na cha kulia, kwa sababu bodaboda atakuwa ameshaanza kukupita. Washa indiketa ya kulia kama kuna leni ya kuhamia. Usiwashe hazadi, zile indiketa zote kwa pamoja, zinafunika indiketa na wa nyuma hajui unaelekea wapi. Pasipo leni ya pili, shuka hadi 40, na mstari usiokatika usiuvuke. Usisimame kutazama, foleni ya watazamaji ndiyo inayochelewesha gari la pili la zimamoto.

Na ukisimama wewe, pembetatu iwe hatua 65 hadi 70 za mtu mzima nyuma ya gari, ndizo mita 50. Kama kuna kona au mlima, iweke kabla ya kona. Zile za miguu ya plastiki nyembamba zinaangushwa na upepo wa trela la kwanza, kwa hiyo nunua zenye kitako kizito cha chuma au uzibane kwa jiwe.

Upande wa malipo, huduma inayumba kwa sababu moja: dereva haelewi alichoandikiwa. Soma karatasi kabla hujaondoka. Kosa litajwe kama lilivyo kwenye jedwali, na kiasi kilingane. Ukikubali, lipa kwa njia rasmi ya serikali na uweke risiti. Pesa taslimu mkononi au kwa namba ya simu ya mtu si faini. Ukikana, haki yako ni mahakama, iwe Mombasa au Shanzu kulingana na ulikokamatwa, na hapo utahitaji saa, mahali, leni uliyokuwemo na picha za kamera ya dashibodi kama unayo.

Kasoro ya mwisho ni bei moja kwa wote. Elfu tatu humlaza njaa mwenye bodaboda, na mwenye gari la milioni nane haisikii. Finland hukokotoa faini za makosa mazito ya mwendo kwa kipato cha mkosaji. Kwetu, ambako kipato cha wengi hakina karatasi, hilo ni gumu. Ngazi zinawezekana, kwa kuwa tunazo tayari kwenye mwendo. Mstari mpya uandikwe hivi: anayepita gari la dharura au la kuvuta lililosimama na taa zikiwaka, kwa zaidi ya 40 penye kikomo cha 80 au chini, apewe onyo akizidisha hadi 5, alipe 500 akizidisha hadi 10, 3,000 akizidisha hadi 15, na 10,000 akizidisha hadi 20. Barabara ya kikomo cha juu zaidi iwe na namba yake, iliyobandikwa. Na kosa lisihesabiwe kama taa za gari lililosimama zilikuwa zimezimwa.