Trimu ya umeme nimeipenda, fundi simtaki tena

Wallahi haya nilitaka kuyaandika siku ileile, mke wangu akaniambia nipoe kwanza. Sijapoa.

Nina RV-6, zile ndege za viti viwili ambazo mtu hujiundia mwenyewe kwa vipande vya kiwandani. Trimu yake, yaani kile kifaa cha kuiweka pua ilipo bila wewe kushinda unasukuma au kuvuta stiki, ilikuwa ya kebo: unavuta kitasa, kebo inakwenda hadi mkiani kukisogeza kibao kidogo kilicho ukingoni mwa elevata ya kushoto, lile bawa la mkiani linalopandisha na kushusha pua. Kwa hii hewa yetu ya chumvi, kebo ilikaza mpaka ikawa mkono mmoja uko kwenye stiki, wa pili unapigana na kitasa. Nikaagiza sevo, yaani kimota cha kukisogeza kibao, ya Ray Allen, ya volti 12, na swichi yake na taa za kuonyesha trimu iko wapi. Kuifunga mkiani nilifunga mwenyewe. Nyaya nikampa fundi mmoja mwenye karakana upande wa Changamwe, maana kila niliyemuuliza alinitajia yeye.

Alipomaliza nikaketi ndani, rafiki yangu akasimama mkiani. Nikabonyeza swichi ya kushusha pua. Taa zikateremka moja baada ya moja, safi kabisa. Nasikia huko nyuma, "Yakhe, kibao chashuka!"

Kwa asiyejua: ukitaka pua ishuke, kibao hupanda. Upepo hukipiga, kikaisukuma elevata chini, mkia ukainuka. Kibao kikishuka, pua ndiyo inayopanda. Yaani swichi inasema chini, taa zinasema chini, na ndege inakwenda juu.

Hilo la taa ndilo lililonipandisha mori. Sevo hii ina nyaya tano. Mbili nyeupe ni za mota, ukizibadilishana mota inazunguka upande wa pili, basi, yameisha. Tatu za rangi ni za kuonyesha kibao kilipofika. Huyu bwana aliona taa zinapingana na swichi, akajua kuna kitu kimegeuka. Badala ya kutembea hatua chache aende akatazame mkia, akageuza waya za taa! Kitu pekee ambacho kingeniambia ukweli, akakifundisha uongo. Hebu jiweke pale uwanja wa ndege wa Moi unapaa, pua inazidi kuinuka, unabonyeza kushusha, inainuka zaidi, unatazama taa, zinakwambia umeshashusha. Utafanya nini? Utabonyeza tena.

Nikamfuata karakanani. Nimemkuta anakula viazi karai, hata kuinuka hakuinuka. Nikamweleza pole pole, kwa adabu, maana ni mtu mzima mwenzangu. Akachovya kiazi kwenye ukwaju, akasema, "Mzee, si ukumbuke tu kwamba juu ni chini? Hata dirisha la gari langu liko hivyo." Vijana wake wakacheka. Dirisha la gari! Nikamuuliza sakiti breka iko wapi, nikitaka kuikata trimu swichi ikiganda. Akanionyesha fyuzi ya ampea 10, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mkono haufiki bila kufungua skrubu. Mota yenyewe haili hata ampea moja.

Kwa haki, nyaya zake alizifunga vizuri. Zimelehemiwa, zimevikwa mpira, hakuna tepu ya kuning'inia. Na jioni ile kijana wake mmoja, katika wale wale waliocheka, alikuja hanga bila kutumwa. Akageuza nyaya nyeupe, akarudisha za taa, akaweka breka mahali ninapoifikia, kisha akaniambia, "Ami, bonyeza, mimi natazama mkia." Hakuomba hata senti. Kwa hiyo nikisema msikanyage karakana ile, huyu kijana nitakuwa nimemwonea.

Na trimu yenyewe, jamani! Baada ya mhandisi wa ndege kuikagua nimekwenda nayo Malindi, kidole kimoja tu, ndege imetulia, stiki nimeiachia nikifuata fukwe hadi Watamu. Ukienda kasi inakuwa nyepesi mno, gusa kidogo tu pua inaruka, kwa hiyo kidhibiti mwendo, kile cha kupunguza kasi ya mota ya trimu, usikiache dukani. Lakini kurudi kwenye kebo? Hata unilipe.

Nilikuwa tayari kumsamehe. Nilishaandika hata kwamba huenda ni mtu wa mashua na magari, ndege hajazizoea, tumvumilie. Kisha ankara ikaja kwa WhatsApp. Chini kabisa, baada ya kazi yote, kuna mstari: "Kugeuza waya kwa ombi la mteja", na bei yake.

Kwa ombi la mteja. Nimelipa yote isipokuwa mstari huo, kila siku ananipigia na sishiki. Ile pesa nimempa kijana.