Uzoefu wangu: tangi la samaki la lita 200 kwa sola na betri, hapa Mombasa

Kwa Mombasa mpango huu unafaa, tena unafaa kuliko utakavyosoma kwenye miongozo ya nchi za baridi. Kule hesabu karibu yote ni ya hita. Tangi la lita 200 hupewa hita ya wati 200 hivi, na hiyo peke yake inatosha kumaliza betri. Huku kwetu maji ya tangi hukaa nyuzi 26 hadi 30 bila kusaidiwa, kwa hiyo kinachobaki kulishwa ni pampu na taa tu. Ninatumia paneli mbili za wati 200, betri moja ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8 na ampia-saa 100, na kontrola (kidhibiti cha chaji kati ya paneli na betri) ya ampia 30, ya MPPT, yaani aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampia. Samaki ni mbuna wa Ziwa Malawi. Wanapenda maji magumu, pH 7.8 hadi 8.6, kwa hiyo hawana neno na maji ya kisima ilmradi chumvi haijazidi.

Mzigo wa siku ni huu. Pampu ya maji ya wati 15 kwa saa 24 inakula wati-saa 360. Pampu ya hewa ya wati 5 inakula 120. Taa ya LED ya wati 24 kwa muda wa saa nane ni 192, na kifeni cha wati 3 kwa muda wa saa kumi ni 30. Hiyo ni 702, na ukiongeza asilimia kumi ya upotevu unafika kama 770. Betri ikijaa ina 1,280. Ukiiachia akiba ya asilimia kumi, inabeba kila kitu siku moja na nusu bila jua hata kidogo. Ukizima taa na feni, pampu zinaenda zaidi ya siku mbili. Gridi ya taifa ilipoanguka Agosti 25, 2023 kulikuwa na sehemu za nchi zilizokaa gizani kwa saa nyingi mno, na mimi mfumo naupimia usiku kama ule, si kukatika kwa stima kwa nusu saa.

Utaona orodha hiyo haina inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama stima ya nyumbani. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Inveta ya wati 1,000, hata isiposukuma chochote, hunywa wati 10 hadi 15 kwa ajili ya kuwaka tu. Kwa siku nzima hiyo ni wati-saa 240 hadi 360, yaani kama umeongeza pampu ya pili ambayo haizungushi hata tone la maji. Zile za bei rahisi ambazo wimbi lake si laini huifanya pampu ya stima ya kawaida ivume, ipate moto na ife mapema. Kama tayari una filta ya kanista (ya kopo lililozibwa) ya volti 240 na hutaki kuitupa, basi tafuta inveta ndogo ya wimbi laini, ya wati 150 au 300, na uongeze paneli moja. Kwa anayeanza upya, ushauri wangu ni DC, yaani umeme kama unavyotoka kwenye betri, mwanzo hadi mwisho.

DC nayo ina mtego wake. Pampu iliyoandikwa "12V" inamaanisha 12 kweli, na betri ya lithiamu haikai 12. Ikipumzika iko 13.3, na kontrola ikiijaza saa sita mchana inafika 14.4. Pampu nyingi za bei nafuu hazivumilii hizo volti mbili za ziada kila siku. Unaanza kuzisikia zikipiga kelele, kisha zinasimama. Dawa ni kirekebisha volti kinachopandisha na kushusha, kinachotoa 12 kamili kwa ampia 5, kiwekwe kati ya betri na pampu. Ni kidude kidogo kama kiberiti, lakini ukinunua kifaa kimoja tu cha ziada, nunua hicho. Na soma maandishi ya pampu kabla hujalipa, maana pampu nyingi za DC za matangi makubwa ni za volti 24.

Paneli nimeziunga mfululizo, si sambamba, na sababu ni waya. Kutoka darini hadi kwenye betri ni mita 15, kwenda na kurudi 30. Waya wa sola wa milimita 4 una ukinzani wa kama omu 0.15 kwa urefu huo. Zikiwa mfululizo unapitisha ampia 11 kwa volti 36, na unapoteza volti 1.65, chini ya asilimia tano. Zikiwa sambamba ni ampia 22 kwa volti 18, na unapoteza volti 3.3, karibu asilimia 18 ya umeme wako imeishia kupasha waya moto. Paneli mbili mfululizo bila mzigo hufika volti 46, kwa hiyo kontrola ya kikomo cha volti 50 iko ukingoni mno. Chukua ya 100.

Kuhusu zile seti zinazouzwa madukani zikiwa na kontrola ya PWM, aina rahisi isiyogeuza volti za ziada: si mbaya zenyewe, ila PWM inataka paneli ya seli 36, ya volti 18 hivi. Ukifungiwa paneli ya volti 30 na zaidi juu ya betri ya 12, nusu au zaidi ya wati ulizolipia haiingii kwenye betri. Muulize muuzaji volti za paneli, si wati peke yake. Akikwambia "hii ni 300", pima kwa macho pia: paneli nzuri hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli ya nusu mita ya mraba iliyoandikwa 300 inakudanganya. Betri nayo ipime kwa mikono. LiFePO4 ya ampia-saa 100 huwa kilo 10 hadi 12, na ya risasi ya ukubwa huo inakaribia kilo 30. Ya lithiamu yenye kilo sita ndani ina seli chache kuliko jina lake.

Ya risasi sikuitaka. Inatumika nusu tu ya uwezo wake kama unataka idumu, na joto ndilo adui yake: kila nyuzi kumi juu ya 25 hupunguza umri wake kama nusu. Chumba cha Mombasa mwezi wa Machi kitakupa jibu.

Mpangilio wa kukata umeme ndio ninaoupenda zaidi katika mfumo huu. Taa imepita kwenye kituo cha mzigo cha kontrola, na kontrola imewekwa ikate kwenye volti 12.9. Pampu zimetoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi na kikatio chake, kilichowekwa 12.0. Kwa hiyo betri ikichoka, taa ndiyo inayozima kwanza, na pampu zinabaki na muda wa karibu saa tisa mbele. Kabla ya hapo, kwenye 13.0, rilei ya volti (swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe) inawasha chaja ya stima ya ampia 10. Inaizima kwenye 13.5, isijaze kabisa, ili jua la kesho lipate pa kuingia. Usiziamini zile baa nne za kioo cha kontrola. Volti za lithiamu karibu hazisogei kati ya asilimia 80 na 40, ukija kuona baa imeshuka betri imeshakwisha. Kipimo chenye shanti, kinachohesabu ampia zinazoingia na kutoka, ndicho kinachosema kweli.

Fyuzi ya ampia 40 ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Pampu ziwe na fyuzi ya gari ya ampia 5. Breka ya paneli iwe ya DC. Ile ya stima ya nyumbani haizimi cheche ya DC inavyopasa. Betri isikae ndani ya kabati la tangi. Unyevu wa pale hufanya vichwa viote kutu ya kijani. Pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake utiwe vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo siku inaposimama maji yanashuka kwa mpira hadi sakafuni.

Kwa nini pampu zisisimame? Maji ya nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.6 za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 25 hubeba 8.3, na mbuna wakijazana huimaliza haraka. Filta iliyozibwa kama ya kanista ikikaa saa nyingi bila mzunguko, bakteria wa ndani wanaosafisha maji hufa na maji yake huoza. Ukiiwasha tena bila kumwaga maji hayo kwanza, umewamiminia samaki sumu.

Huko juu ya paa, paneli ziinamishe nyuzi 10 ili mvua izisafishe, na uache nafasi ya sentimita 10 juu ya mabati. Paneli ikipata moto wa nyuzi 65 inapoteza kama asilimia 14. Bolti ziwe za stenlesi daraja la 316, maana chuma cha kawaida kikigusana na fremu ya alumini kwenye hewa hii ya chumvi, vyote viwili vinaliwa. Msimu wa kusi nazimwagia maji matamu mara kwa mara. Adui wa pili ni kunguru. Kinyesi kimoja kikubwa kikifunika seli, nusu ya paneli inajitoa. Kwa MPPT na paneli mbili mfululizo unapungukiwa, lakini kwa paneli moja na PWM volti zinashuka chini ya za betri na hakuna kinachoingia. Waya mwembamba uliovutwa juu ya ukingo wa paneli unawanyima pa kutua.

Feni inashusha joto la maji kidogo tu, maana hewa yetu ina unyevu mwingi na maji hayakauki upesi. Mwenye tangi la bahari asitarajie zaidi. Chila (mashine ya kupoza maji) ya wati 300 ikifanya kazi muda wa saa nane ni wati-saa 2,400, zaidi ya mara tatu ya mzigo wangu wote, na taa za matumbawe hazijahesabiwa. Huyo atahitaji paneli kuanzia wati 1,300. Ningekuwa yeye ningeiacha chila kwenye stima na kuweka pampu za mzunguko kwenye betri: maji hupanda joto polepole, lakini maji ya bahari ya nyuzi 30 yana oksijeni kama miligramu 6.2 tu kwa lita, na hayo hayangoji.