Vibanio vya nguo na kamba ya usumba: tuisheni ya baiolojia Langoni

Mama amechoka kunisikia nikihadithia habari za vibanio, basi nazimalizia hapa.

Niko mwaka wa pili wa diploma ya maabara, na likizo hii nimerudi Lamu na mtihani mmoja wa kurudia: jinsi bakteria wanavyowasha na kuzima jeni zao. Chuoni nilikariri mishale na majina ya lacI, lacZ na lacY, jeni zinazohusika na laktosi, ile sukari ya maziwa, mpaka nikayaota, na bado nikaanguka. Binamu yangu akanielekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Langoni anayesomesha kwake baada ya alasiri. Siku nne, shilingi 300 kwa siku. Jina silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa, lakini ukifika mtaani ukamuulizia mwalimu wa vibanio, hata watoto watakuonesha mlango.

Darasa ni daka lake. Tulikuwa sita, tumebanana kwenye mabaraza ya mawe, na jiwe lile halina huruma, kwa hivyo nenda na mto. Punda wa mchanga akipita, somo husimama.

Siku ya kwanza mwalimu alitoa kamba ya usumba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili, urefu wa pima moja hivi. "Hii ndiyo DNA yako. Fumba macho, mwanangu, upitishe kidole kwenye mfereji wake." Kamba ya kusokota ina mfereji unaozunguka nayo, na DNA vilevile, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Nikapitisha kidole pole pole mpaka nikagusa vifundo vitatu vidogo alivyovificha.

"Umevijuaje?"

"Nimevihisi, mwalimu."

"Umeifumua kamba?"

"La."

"Basi na protini haifumui. Inaingiza kidole chake kwenye mfereji mpana na kuzisoma herufi kwa kingo zake."

Hapo ndipo pesa yangu iliporudi. Chuoni sikuwahi kuelewa jinsi protini inavyopapata mahali pake pa herufi ishirini na kitu ndani ya DNA ya bakteria E. coli yenye jozi za herufi milioni 4.6. Nilidhani lazima nyuzi zitengane kwanza. Na kizuizi chenyewe, yaani protini inayoizima jeni, ni kichache mno, yapata nakala kumi tu kwa kila bakteria mmoja!

Kisha akavisha pete ya pazia kwenye kamba. Pete ni RNA polimerasi, inayoteleza ikinakili jeni. Akabana kibanio cha nguo, ndicho kizuizi, penye vifundo, pete ikagota. Jeni imezimwa. Akanipa tembe ya sukari: "Hii ni laktosi. Kibonyeze kibanio." Nikabonyeza, kikaachia, pete ikapita.

"Mkono wako umeshika wapi?"

"Nyuma."

"Na kinywa kimefunguka wapi?"

Mbele! Sukari haigombanii nafasi na DNA. Inashika kizuizi upande mwingine kabisa, umbo lake linabadilika, na mshiko wake unalegea. Mwalimu aliongeza kuwa kwa hakika kinachobonyeza si laktosi yenyewe bali alolaktosi, inayotokana nayo ndani ya bakteria. Nikamuuliza laktosi ya kwanza inaingiaje ikiwa jeni ya mlango wake imefungwa. Akacheka, akasema kibanio huchomoka mara mojamoja, kwa hivyo milango michache haikosekani. Habari hii ndiyo waliyoifumbua François Jacob na Jacques Monod kule Paris mwaka 1961, wakapewa Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff. Mwaka mzima nimetazama sahani za MacConkey, za kuoteshea bakteria kwa laktosi, zikigeuka waridi kwa E. coli bila kujiuliza nani alibonyeza kibanio.

Siku ya tatu, kwangu mimi, ndiyo bora kuliko zote. Kuna bakteria wenye pampu ya kuitapika tetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria. Pampu ikizidi inamdhuru bakteria mwenyewe, kwa hivyo protini iitwayo TetR hukaa juu ya DNA na kuizima jeni ya pampu. Tetrasaiklini ikiingia, inaishika TetR, TetR inaachia, pampu zinajengwa, dawa inatolewa nje. Yaani dawa yenyewe ndiyo inayobonyeza kibanio! Daka zima lilinyamaza. Mmoja wetu anauza duka la dawa.

Sasa lawama zangu. Siku ya nne ilikuwa ya ovyo. Umeme ulipotea karibu na magharibi, na mwalimu akaikimbiza ile operoni (kundi la jeni zinazowashwa pamoja) ya kutengeneza triptofani, kijenzi kimoja cha protini, kwa kibanio kilekile, wakati yenyewe inakwenda kinyume: kizuizi chake hakibani mpaka triptofani ikishike. Tulitoka tumechanganyikiwa. Nilikuja kujitatulia nyumbani kwa kibanio kilichokatika springi. Peke yake hakibani kitu. Kizungushie mpira wa kufungia pesa, kinauma. Mpira ndio triptofani. Nimemwambia, akasema atauiba ujanja huo.

CAP, protini inayosaidia kuwasha jeni, aliiruka kabisa, na hilo sijamsamehe. Mtihani haukosi kuuliza kinachotokea glukosi na laktosi zikiwepo pamoja. Vibanio peke yake vitakufanya ujibu kuwa jeni zinawaka kwa nguvu zote, na utapigwa mkasi. Glukosi ikipungua, cAMP, kemikali ndogo ya kupeleka ishara, hupanda, inaishika CAP, na CAP inaipinda DNA karibu digrii 90 na kumsaidia polimerasi ashike. Glukosi ikiwepo kwa wingi, msaada huo haupo, na jeni zinafuka tu bila kuwaka.

Pia alitwambia ule mmeto wa bahari usiku, mashua ikikata maji kuelekea Shela, ni bakteria wanaohesabiana, wakawaka wakishakuwa wengi. Si hivyo, kwa heshima zote. Unaometa ukitikiswa ni viumbe wengine, planktoni. Mwanga wa bakteria hauhitaji kutikiswa. Bahari ya namna hiyo ilionekana na meli karibu na Somalia Januari 1995, na baadaye ikakutwa kwenye picha za setilaiti za siku zile.

Nakala za fotokopi ni shilingi 50 na hazisomeki, usinunue.

Jumamosi narudi kwa saa moja ya CAP, bila malipo, ameahidi. Ameniagiza nije na waya unaopindika. Mama ameniagiza nirudi na vibanio vyake sita, maana leso yake moja imeshapeperuka mpaka darini kwa jirani.