Niko Arusha, printa iko Moshi: miezi minane na CUPS pamoja na WireGuard

Ofisi yetu iko Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Stoo ya mahema na majiko iko Moshi, maana wageni wa Kilimanjaro wanaondokea huko. Kila kundi linapopanda, stoo inahitaji karatasi: orodha ya wapagazi, ratiba ya chakula, majina ya wageni. Mimi ndiye ninayeziandaa, na kwa muda mrefu nilizituma kwa WhatsApp. Mama anayesimamia stoo anazipokea kwenye simu, anavuka barabara hadi steshenari, analipia, anarudi. Steshenari ikiwa imefungwa, orodha inaandikwa kwa mkono.

Na printa ipo palepale stoo! Ya leza, ina waya wa neti, kazi yake kutoa kopi za vitambulisho tu. Zamani mtu angetumia Google Cloud Print, lakini hiyo ilifungwa mwisho wa 2020. Nikachukua CUPS, programu ya bure inayosimamia uchapaji kwenye Linux na hata kwenye kompyuta za Apple, na WireGuard, programu ya VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), ya kuunganisha ofisi mbili.

CUPS yenyewe haikunisumbua sana. Kilichonila siku mbili ni njia ya kuifikia printa. Intaneti ya Moshi ni ya laini ya simu, na kampuni inayotuuzia inawapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo ukiwa nje huna mlango wa kubisha hodi. Huduma kwa wateja waliniambia nizime ruta niiwashe. Nikaizimisha, ikawashwa, tukabaki vilevile. Mwishowe nilikodi seva ndogo nje ya nchi, dola 5 kwa mwezi, ili kila upande uitafute wenyewe na wakutane hapo. Moshi niliweka laptopu chakavu yenye Ubuntu, kwa sababu printa haiwezi kuendesha WireGuard. Kwenye mipangilio yake usisahau PersistentKeepalive, mimi nimeweka 25: kila sekunde 25 laptopu inatuma kipande kidogo cha data ili njia isizibe. Kabla ya hapo, tukikaa kimya kidogo tu Moshi inapotea.

Kuna jamaa alinishauri niiache poti 631, mlango wa CUPS, wazi kwa intaneti nzima, niokoe hizo dola 5. Hapana, kaka. Septemba 2024 ulitangazwa udhaifu kwenye cups-browsed, sehemu inayotafuta printa kwenye mtandao, na walioacha poti hiyo wazi ndio waliokaa roho juu.

Upande wa Arusha kazi ilikuwa amri moja (10.8.0.2 ni anwani ya laptopu ya Moshi ndani ya WireGuard):

lpadmin -p stoo -E -v ipp://10.8.0.2/printers/stoo -m everywhere

Usisubiri printa ijitokeze yenyewe kwenye orodha. Matangazo yake ya mDNS, yale ya kujitambulisha kwa kompyuta, yanaishia kwenye mtandao wa pale pale ilipo. Andika anwani kwa mkono.

Jaribio la kwanza sitalisahau. Kwenye laptopu ya Moshi nilikuwa nimechagua poti 9100, inayomwaga data moja kwa moja kwenye printa, na dreva ya PostScript, lugha ya kuielekeza printa ichape nini, nikidhani kila printa ya leza inaielewa. Nikabonyeza. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, umetuma nini? Mashine inatema karatasi, maandishi yenyewe siyaelewi."

"Ya kwanza imeanzaje pale juu?"

"Asilimia, alama ya mshangao, P, S."

Hapo nikajua. Printa ilikuwa inachapa maelekezo yenyewe badala ya kuyafuata. "Mama, chomoa waya wa umeme!" Karatasi thelathini na kitu zilikuwa zimekwenda, na rimu ile aliinunua yeye. Nikahamia IPP, utaratibu wa kuchapa kwa mtandao, ambapo printa yenyewe inaeleza inapokea nini, na ukurasa wa pili ukatoka safi.

Safi, ila haukutoka mpaka mtu abonyeze kitufe. CUPS ilikuwa inaomba karatasi ya Letter, ya Wamarekani, milimita 216 kwa 279, na trei ina A4. Nikaweka A4 iwe ya kudumu pande zote mbili, yakaisha.

Halafu umeme. Ulipokatika na kurudi, ruta iliipa printa anwani nyingine, na foleni ikasimama kimya. Mimi huku nikatuma orodha ileile mara sita. Nilipoifungua foleni zikatoka zote sita, na Mama akapiga tena. Sasa anwani ya printa nimeifunga ndani ya ruta isibadilike, na foleni nimeipa printer-error-policy=retry-job ili ijaribu tena badala ya kugoma.

Tangu hapo ni mteremko. Mwenzangu wa Windows naye anachapa kupitia http://10.8.0.2:631/printers/stoo. Kwa anayeanza, ningempa CUPS nyota nne. WireGuard tano, lakini tenga wikiendi nzima kama neti yako ni ya laini ya simu.

Kuskani bado sijagusa. Orodha ikishasainiwa, Mama anaipiga picha na kunirushia kwa WhatsApp, kidole gumba kikionekana pembeni.