Toyota Porte: icheke tu barabarani, ila ukiwa na watoto na wazee utaielewa

Tuanze na sura maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anasema. Ni mbaya, sibishi. Pua fupi, paa refu, kushoto kuna mlango mmoja tu mkubwa wa kuslaidi, kulia kwenye zile za mwanzo zilizotoka 2004 mpaka 2012 kuna wa dereva basi. Ukiongeza wa buti ni milango mitatu, na gari ni ya watu watano! Ukiiona upande wa kushoto unaweza ukaisimamisha ukanunua mkate.

Sasa hiyo shepu ina sababu. Japan wanaendesha kushoto kama sisi, abiria anashukia pembeni ya barabara, kwahiyo mlango wote mkubwa wakauweka huko. Na kwetu Dar kushoto ndo kwa bodaboda. Kila mwenye gari anaijua hii, mmesimama foleni Mwenge, mtoto anafungua mlango wa nyuma ghafla, boda huyo, paa, mnaanza kubishana nani alipe mlango nani alipe taa na watu washajaa. Mlango wa Porte hautoki nje, unarudi nyuma umelala na bodi. Bado uangalie kabla hujamshusha mtoto, ila angalau hakuna bati limekaa njiani linamsubiri mtu. Kariakoo ndo usiseme, ukipaki umebanana na meza ya machinga, wenzako wanatoka kwa kuvuta tumbo ndani, wewe unabonyeza rimoti tu.

Mimi nilikubali siku nilipombeba mama mkwe. Ana magoti yule mama, gari za juu hapandi na kwenye vigari vya chini anaanza kuingiza kichwa, halafu mguu mmoja, halafu anapumzika. Hapa sakafu iko chini sana, kama sentimita 30 tu kutoka ardhini, na ni flati. Akaweka mguu, akashika mshikio wa pembeni, akaingia karibu wima na kikapu chake cha Buguruni mkononi hajakiachia, akageuka ndo akakaa. "Baba Nasra, hii sasa ndo gari," na tangu hapo nikimfuata na gari nyingine lazima niulizwe ile iko wapi.

Ndani kuna nafasi kuliko unavyodhani. Kiti cha abiria cha mbele kinarudi nyuma mbali mpaka mtu mrefu ananyoosha miguu, na gia haipo katikati ya viti kwahiyo dereva anaweza kuhamia kushoto akashukia huko. Mita ya spidi wameiweka katikati ya dashibodi, yaani gari nzima inakusoma, wife anakuwa tochi kabla hujafika kwenye tochi yenyewe ya trafiki. Sijaipenda hiyo.

Injini haina stori nyingi, nyingi zina 1NZ ya kama cc 1500, ileile ya Toyota IST na Raum, spea ukienda Shauri Moyo unapata na fundi yeyote anaijua. Kuna ya kama cc 1300 pia, hiyo mkijaa watano na AC inawaka ukapandisha vilima vya Kimara utaisikia inalalamika. Chukua ya 1500.

Ila jamani, iko chini. Hicho hicho kinachomfurahisha mama mkwe ndo kitakutesa kama unakaa Goba ndani ndani huko au Chanika, mvua ikikata barabara tumbo linalima na bampa la mbele linabaki kwenye tuta. Watu wanaweka spesa kuinyanyua, sawa, ila ukiinyanyua mama anarudi kupanda ngazi, sasa uliinunulia nini? Kwako kama hakuna lami au angalau kifusi kilichoshindiliwa vizuri, chukua kitu kingine, hata hiyo Raum.

Na mlango wenyewe. Ni wa umeme, una mota na waya zake za kuvuta, na hizi gari nyingi zinafika hapa zina umri, zimeshafunguliwa na kufungwa miaka. Ukianza kusita au kulia, hiyo spea siyo ya buku mbili tatu kama za injini, unawinda ya mtumba. Kwenye zile za mwanzo ukigoma kabisa familia nzima inatokea kwa dereva, bibi na mjukuu wake. Ndo maana kama mfuko unaruhusu ningesema uende kwenye toleo la pili, la kuanzia 2012 mpaka 2020, hapo waliongeza mlango wa nyuma upande wa dereva. Toyota Spade nayo ni gari hiyohiyo wamebadilisha uso tu, na uso wake afadhali. Zile za zamani zinavutia kwa bei ya kule Japan, ila piga kwanza hesabu ya ushuru pamoja na uchakavu, ile tozo ya gari la zamani, ndo ushangilie.

Ukienda yadi usianze na rangi wala redio. Fungua mlango kwa rimoti, funga, fungua kwa swichi ya dereva, funga, fungua kwa mshikio wa nje, rudia mpaka muuzaji achoke, na sikiliza. Usikie mlio mmoja laini mwanzo mpaka mwisho. Ukikwama akakwambia "hiyo ni betri tu bosi", mwambie sawa, weka betri nyingine hapa hapa tuone.