TAHADHARI: Injini ya baiskeli ya "100cc, spidi 80" ni stika tu

Wakuu, habari za leo. Naandika goti la kulia likiwa na bandeji, kwa hiyo mkiniona mkali mnisamehe.

Nasambaza maziwa hapa Morogoro, natoka Kihonda kwenda mjini, kwa baiskeli ya Phoenix, gurudumu namba 28, aliyoniachia marehemu baba. Mwaka jana niliifunga ile injini ndogo ya Kichina ya tuu-stroki. Inanifikisha, ila ikijitahidi sana ni 30 na kitu, na mama ntilie wa mjini wanataka maziwa ya chai kabla ya saa moja asubuhi. Nikaanza kutafuta namna ya kuongeza mwendo.

Ndipo nikakutana na tangazo Instagram: injini ya mbio ya baiskeli, 100cc, spidi 80, mzigo upo Kariakoo, tunatuma mikoani, shilingi 420,000 pamoja na sproketi ya meno 32, ile gia ya gurudumu la nyuma inayovutwa na mnyororo. Nikamfuata inbox. Anajibu haraka, "bosi wangu" kila sentensi. Nikaomba video injini ikiwashwa, akasema fundi katoka. Nikaomba nilipe kwa lipa namba ya duka, akasema ina shida leo, nitumie namba hii. Jina lililotokea ni la mwanamke. "Ni wife huyo bosi wangu, usiwe na wasi."

Nikatuma. Najua, najua.

Kesho yake boksi likafika kweli stendi ya Msamvu, nikajiona mjanja, maana nilizoea kusikia watu wanapigwa bila kuletewa chochote. Huyu ujanja wake uko hapohapo: anakuletea kitu. Ukienda kulalamika, ana risiti ya basi ya kuonyesha. Nilipofungua, sproketi ilikuwa ya meno 44, sawasawa na niliyokuwa nayo. Akasema ile ya 32 imekwama bandarini, nitume 35,000 ya ushuru. Hiyo sikutuma.

Sasa sikilizeni sehemu iliyoniangusha. Nilimwuliza oili kiasi gani, akanirekodia sauti: "Kifuniko kimoja cha 2T kwa lita, bosi, oili nyingi inaizubaisha mashine." Injini ya tuu-stroki ya namna hii haina oili yake pembeni kama pikipiki nyingi, inayochanganywa na petroli ndiyo hiyohiyo inayolainisha pistoni. Injini hizi zinataka sehemu 1 ya oili kwa 20 za petroli, yaani mililita 50 kwa lita, na ikiwa mpya kabisa unapandisha hadi 60 hivi. Mimi mwenye mwaka mzima na injini ya namna hii nililijua hilo. Lakini mtu kakuambia ni ya mbio, unadhani ina sheria zake.

Siku ya tatu, asubuhi, barabara tupu, nimevuta mafuta hadi mwisho, pistoni ikajam. Gurudumu la nyuma likafunga palepale, hata klachi sikuwahi kuibana. Kile kigurudumu cha kukazia mnyororo kikapinda na kuingia kwenye spoku, zikakatika nne. Lita 38 za maziwa zikaenda mtaroni, mimi nikaenda na goti. Mbwa walifurahi.

Fundi wangu wa Mji Mpya, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alikung'uta matope na stika ya "100cc RACING" ikabanduka yenyewe. Chini yake hakuna kitu. Akafungua silinda, akachukua kipimo chake cha vernia. Upana milimita 47, pistoni inapanda na kushuka milimita 38. "Piga hesabu mwenyewe, kijana wangu." Nusu ya upana ni sentimita 2.35, zidisha kwa yenyewe, mara 3.14, mara 3.8. Inakuja sentimita za ujazo 65.9, ndizo hizo cc zenyewe. Hata hizi za kawaida zinazotangazwa 80cc kwa kweli nyingi ni 66 hivihivi, ila ni mazoea ya sokoni. Huyu wangu kaongeza stika juu ya mazoea, pamoja na laki mbili za ziada.

Na hiyo spidi 80? Ndani ya injini kuna gia inayopunguza mizunguko mara 4.1, halafu sproketi ndogo ya meno 10 inavuta ya nyuma ya meno 44. Kwa hiyo injini inazunguka mara 18 ndipo gurudumu lizunguke mara moja, na gurudumu la 28 kwa mzunguko mmoja linakwenda kama mita 2.2. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, unakwenda kilomita 36 na kidogo kwa saa. Ili ufike 80 kwa meno hayo, inabidi izunguke karibu 11,000. Kabla haijafika huko itakuwa imeshakukabidhi pistoni mkononi. Anayekuuzia spidi bila kukuuliza gurudumu lako ni namba ngapi na sproketi meno mangapi, huyo anauza stika.

Mwendo upo kwenye meno: ya nyuma yakipungua, gurudumu linazunguka haraka zaidi. Nimerudisha injini yangu ya zamani na sproketi ya meno 36, na sasa nacheza kwenye 44, mizunguko ileile, injini haipigi kelele. Kilimani na madumu inachoka, nasaidia kwa pedali, sawa tu. Sproketi hiyo sikuifunga kwenye spoku kwa zile raba na bolti tisa zinazokuja na injini. Fundi kaifunga kwa chuma kinachobana habu, pale katikati ya gurudumu. Mnyororo kaukata ukakaa sawa, kile kigurudumu nimekitupa.

Ila mzee aligoma kugusa sproketi kabla hatujamaliza breki. Phoenix ina zile breki za vyuma, raba inavutwa juu ibane rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa masika raba inateleza tu. Ukitoka 20 ukaenda 40, umbali wa kusimama tangu breki zibane hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwa hiyo uma wa mbele na gurudumu lake vimebadilishwa, rimu ya alumini, breki za waya. Zimekula hela kuliko sproketi. Zaidi ya hapo siongezi mwendo, fremu hii ina umri kunizidi.

Namba ya simu ya huyo muuzaji nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, na yeye ameshaniblok. Waliokwisha kununua, msiwashe kwa kifuniko kimoja.

Jana usiku nimemwona tena, akaunti mpya, jina jipya, safari hii ni 110cc. Picha ni ileile: sakafu ya vigae vyeupe, kimoja kimepasuka pembeni, na kidole gumba cha mtu kimeingia juu ya tenki.